Hoteli ya Kiitaliano ya mtaani ipimwe kwa spageti ya nyanya, si kwa piza (Nakuru na majirani)

MjukuuWaMenengai

Wadau, siasa zingoje kidogo, tuongee chakula.

Kila hoteli ya Kiitaliano ikifunguliwa mji huu, swali la kwanza kwenye magrupu ni lile lile: piza yao ikoje? Mimi naona swali hilo halimsaidii mtu. Piza ina msamaha mwingi. Ukirundika jibini, kuku, pilipili hoho na mahindi matamu juu ya mkate wa moto, hata aliyekanda unga vibaya atasifiwa. Anayetaka kujua kama jikoni kuna mpishi au kuna mfungua mikebe, aagize kile cha bei ya chini kabisa kwenye menyu: spageti ya nyanya tupu, ile wanayoiita pomodoro. Nyanya, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, majani ya mrehani, chumvi. Basi. Mpishi hana pa kujificha.

Iko moja huku Milimani, ndani ya nyumba ya zamani iliyokuwa ya kuishi watu. Meza za mbao ziko uani chini ya mjakaranda, watoto wanakimbizana kati ya viti na hakuna anayewafokea. Jina sitaji nisije nikaambiwa nimelipwa. Wa mtaa wanaijua. Niliagiza pomodoro jioni ya katikati ya wiki, wakati hakuna umati, nikakaa mahali ninapoona dirisha la jikoni. Mpishi alizitoa spageti kwenye maji kwa koleo zikiwa bado zinachuruzika, akazitia moja kwa moja kwenye kikaango chenye sosi, akaongeza upawa wa yale maji ya kuchemshia, akawa anatikisa kikaango mpaka kila kitu kikashikana. Haikuchukua hata dakika mbili. Sahani ilipofika mezani, chini hapakuwa na kidimbwi cha maji mekundu. Wanga iliyobaki kwenye yale maji ndiyo inayoshikanisha mafuta na nyanya, na ukiruka hatua hiyo hakuna jibini itakayokuokoa.

Kuna mahali pengine mjini, napo sitaji, ambapo spageti huchemshwa asubuhi, zikaoshwa kwa maji baridi, zikapakwa mafuta ya kupikia na kufunikwa. Mteja akija zinachovywa kwenye maji moto halafu sosi inamwagwa juu. Piza yao watu wanaisifu sana.

Sasa niambieni: nyinyi mnapima kwa nini? Na wa Kisumu, Eldoret, Kakamega, mnakula wapi?

MlaWaru

Mkubwa, pale Milimani wanataka zaidi ya shilingi mia saba kwa nyanya na spageti? Hiyo pesa ukiipeleka Top Market unarudi na nyanya za wiki na bado unapata nauli.

KijanaWaFlamingo

Namuunga mkono MlaWaru. Na sahani yenyewe ni kubwa, chakula ndicho kidogo. Nilimpeleka mtu pale pale unaposema, tukala vizuri, tukalipa, tukatoka tumependeza. Kufika stejini tukanunua smokie mbili kila mtu. Yeye ndiye aliyependekeza.

MjukuuWaMenengai

KijanaWaFlamingo, huyo usimwache.

Kuhusu udogo: kwa Waitaliano pasta ni gramu 80 hadi 100 za pasta kavu kwa mtu, kwa sababu si mlo mzima. Inatanguliwa na vitu vya kuonja, inafuatwa na nyama au samaki na mboga pembeni, na mkate uko mezani muda wote. Sisi tunaagiza sahani moja tukitaka itushibishe kama ugali na kitoweo. Lakini mteja simlaumu. Hoteli ya mtaani wa Nakuru inajua watu wake wataagiza sahani moja, kwa hiyo ama ipike gramu 130 na kuongeza bei kidogo, ama imwambie mtu mapema. Hawa wa Milimani ukimuuliza mhudumu anakwambia wazi kwamba hiyo peke yake haitoshi, uongeze mkate wa kitunguu saumu au mgawane piza moja katikati. Ila lazima umuulize. Hiyo siwasamehei.

Kuhusu bei, kumbuka ndani ya bili kuna VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, na mafuta ya zeituni hayalimwi Bahati. Kwenye sahani ile, cha hapa kwetu ni nyanya na majani.

Mpishi_wa_Zamu

Nimesoma kimya nikaona niingie. Nimepika jikoni za aina hii, kwanza Naivasha, sasa niko Nakuru, na nakubaliana na mwenye uzi. Lakini kuna mambo ambayo mteja haoni.

La kwanza ni maji. Pakiti ya pasta kutoka Italia imeandikwa dakika 9. Hiyo 9 ni ya mtu aliye karibu na bahari. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Unaona yanatokota, unaona povu, ila joto lile halipo. Mpishi akifuata pakiti anatoa spageti ambayo ukiikata katikati unaona kidoti cheupe cha unga mbichi. Mteja akilalamika anaambiwa ndiyo al dente. Uongo huo. Al dente ni pasta iliyoiva ambayo bado inakataa kidogo kwenye jino. Mbichi ni mbichi. Mimi naongeza dakika mbili, wakati mwingine tatu, na naonja. Chumvi ni gramu 10 kwa lita ya maji, na inatiwa kwenye maji, siyo mwishoni kwenye sahani.

La pili ni nyanya. Sokoni natafuta zile ndefu za umbo la yai, Rio Grande au Cal J, kwa sababu zina nyama nyingi na maji kidogo. Zikija kutoka Subukia zimeiva zikiwa shambani, mkebe siugusi. Msimu wa mvua zinavunwa zikiwa na rangi ya kijani na kuivia ndani ya kreti. Hapo nachanganya nusu kwa nusu na za mkebe na sioni haya. Waitaliano wenyewe nje ya msimu wanatumia za mkebe.

Piza nayo. Mwenye uzi amesema inasamehe, ni kweli kwa macho ya mteja. Piza ya Napoli inaokwa kwenye nyuzi 430 hadi 485, sekunde 60 hadi 90, inatoka pembeni ina madoa meusi na katikati laini. Ufundi huo UNESCO iliuorodhesha mwaka 2017 kama urithi wa dunia usioshikika. Oveni ya kawaida ya gesi inafika 250, labda 300, na mle piza inakaa dakika nane hadi kumi ikikauka. Siyo mbaya, ni chakula kingine. Kwa hiyo nikiingia mahali sioni tanuri ya kuni wala siambiwi ipo, na menyu imeandikwa "piza halisi ya Napoli", naagiza pasta.

Na unga: ule wa chapati wa dukani unatoa piza laini lakini ukiuvuta unachanika. Tafuta wa mikate wenye protini zaidi, donge lilale kwenye friji usiku mzima au zaidi, na hamira punguza, maana kwa mwinuko wetu unga unaumuka haraka.

MlaWaru

Sasa Mpishi, nijibu hili. Njoro hapo ngano inaanza barabarani mpaka macho yanachoka. Kwa nini spageti itoke Italia?

Mpishi_wa_Zamu

Kwa sababu ngano ya huku karibu yote ni ya mkate na chapati. Pasta kavu nzuri inataka ngano ngumu, durumu, ile inayosagwa ikawa chengachenga za manjano na haigeuki uji ikichemshwa. Pasta za kutengenezwa Kenya zipo madukani na nyingine si mbaya. Soma nyuma ya pakiti kama wametumia durumu.

Lakini Njoro usiidharau. Kituo cha utafiti wa ngano pale kilianza mwaka 1927, na leo nchi nyingi zinaleta mbegu zao zipandwe pale zipimwe kama zinahimili kutu ya shina, ule ugonjwa wa Ug99 uliogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Ngano ya hao Waitaliano wako pia inahusika kwenye vita hivyo.

BintiBondeni

Shukran Mpishi kwa maelezo. Swali la sisi Waislamu: tunaweza kula nini pale bila kuhojiana na mhudumu nusu saa? Nilienda hoteli moja nikaambiwa "hakuna nguruwe kwenye hii", sahani inafika ina vipande vya bekoni, wanasema ni ya ng'ombe, halafu hakuna anayejua ilichinjwa wapi. Niliirudisha.

Mpishi_wa_Zamu

Dada, ulifanya sawa kuirudisha.

Carbonara ya asili ni mayai, jibini ya pecorino, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe. Amatriciana nayo ina shavu hilo hilo. Hizo ziache, au uliza kama wanatumia nyama ya ng'ombe iliyochinjwa kihalali na wakuonyeshe. Na kwa wote humu: carbonara haina krimu. Ikija nyeupe inaogelea kwenye krimu inaweza kuwa tamu, ila iitwe jina lingine. Sosi za nyama mara nyingi zinatiwa mvinyo, hata kama kwenye menyu haumo, kwa hiyo hilo nalo uliza. Pomodoro, arrabbiata yenye pilipili, na ile ya kitunguu saumu na mafuta, hizo kwa kawaida hazina nyama wala pombe. Mwambie tu asinyunyize jibini kabla hujaulizia: Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, na pecorino romano kwa cha mwanakondoo.

DungaBeach

Hilo la jibini nimelisikia kwa jirani yangu Mhindi hapa Kisumu, familia yao hawali nyama kabisa na Parmesan hawaigusi. Nilidhani ni maringo.

Omera, huku kwetu kipimo ni samaki. Pasta na minofu ya mbuta, limau, pilipili manga, majani kidogo. Ukipewa mbuta ya asubuhi utajua, ukipewa ya friji ya wiki iliyopita utajua pia, na mpishi wa Dala hawezi kumdanganya mtu aliyekulia ziwani. Kuna pahali naenda, mteja akiomba jibini juu ya samaki mhudumu anamwangalia kwanza. Waitaliano wengi hawachanganyi hivyo viwili.

Nyumbani napika spageti na omena. Msicheke. Nilisoma kwamba kusini mwa Italia wanatia samaki wadogo wa chumvi kwenye mafuta na kitunguu saumu, nikasema sisi tunao wetu. Haikutoka kama nilivyotaka, harufu ilipanda ngazi mpaka kwa landilodi.

Mpishi_wa_Zamu

DungaBeach, wale wa Italia wamelala kwenye chumvi miezi, ukiwapasha kwenye mafuta wanayeyuka kabisa, unabaki na ladha tu. Omena imekaushwa juani, haiyeyuki. Ioshe kwa maji moto, toa vichwa, kaanga peke yake mpaka ivunjike kwa vidole, iponde kidogo. Pika spageti yako ya kitunguu saumu na mafuta, kisha nyunyiza omena mwishoni pamoja na makombo ya mkate uliokaangwa. Makombo hayo wanayatumia sana huko kusini, zamani maskini waliyatia mahali pa jibini. Na wewe uko mita 1,130 hivi, maji yako yanachemka kwenye 96. Dakika moja ya ziada yatosha.

Malindi_Kwetu

Nimekuja Nakuru kikazi, kwetu Malindi, na Waitaliano tumeishi nao tangu wazee wetu. Kuna vijana wa ufukweni wanaokutania kwa Kiitaliano bila kupepesa.

Kaka MjukuuWaMenengai, kipimo chako kizuri lakini kina tundu. Sosi ya nyanya yadanganya. Nyanya ikiwa kali, mpishi atatia sukari, ikiwa haina ladha atatia rojo la mkebe, nawe utasifu. Mimi huagiza aglio e olio: kitunguu saumu, mafuta, pilipili kavu, basi. Kitunguu kikizidi kidogo tu kuwa cha kahawia, sahani nzima yawa chungu, na hakuna sukari ya kuificha. Kikiwa kibichi utakinuka mpaka kesho.

MjukuuWaMenengai

Malindi_Kwetu, hapo umenishika, lakini angalia menyu za huku bara. Hiyo sahani ni chache zinazoiandika. Pomodoro ipo kila mahali, hata panapouzwa chipsi na piza pamoja. Kipimo lazima kiwe kitu unachokipata. Sukari nayo ukiizoea unaisikia, inakuja mwishoni nyuma ya ulimi.

Lakini mahali wanapoipika, sawa, anza nayo.

MamaWatatu

Nyie wanaume mnaenda hotelini kupima watu? Mimi naenda na watoto watatu na baba yao Jumapili baada ya kanisa. Nikiagiza spageti tano za nyanya nitaonekana nimewanyima. Piza mbili kubwa, watoto wanagawana wenyewe, hakuna anayelia, mimi nakula saladi yangu kwa amani. Hapo ndipo hoteli ya mtaa inapojulikana: wanatuletea vipande vya unga watoto wauchezee mezani wakisubiri, na hawatutazami vibaya tukikaa masaa mawili.

Na piza yetu ina nanasi. Semeni.

KijanaWaFlamingo

Mama, Waitaliano wakisikia watalia.

MamaWatatu

Walie. Nanasi la Thika ni tamu.

MjukuuWaMenengai

Mama Watatu, mwenye lawama ni Kanada. Aliyeanza kuuza ile ya nanasi ni Sam Panopoulos, Mgiriki aliyehamia Ontario, mwaka 1962. Waitaliano hawakuulizwa.

Ila nakupinga kidogo. Sijasema msile piza. Nasema siku ya kwanza ya mahali papya, mmoja wenu mezani aagize pomodoro, muionje wote. Ikiwa nzuri, Jumapili zote zinazofuata kuleni piza na nanasi lenu mkijua mko mikononi mwa mtu anayejua kazi. Hilo la unga wa watoto, hapo umesema kitu kikubwa kuliko yangu yote. Mahali palipofunguliwa kwa ajili ya picha za simu hawaleti unga mezani, utawachafulia viti.

MlaWaru

Swali la kijinga. Hao Waitaliano hawana ugali?

Malindi_Kwetu

Wanao! Watu wa kaskazini, kule Veneto na Lombardia, wanapika polenta, ni unga wa mahindi na maji na chumvi. Laini kuliko wenu, lakini iliyobaki huikata vipande na kuichoma. Wanaila na nyama iliyochemka taratibu. Watu wa kusini huwatania kwa hilo, wanawaita wala polenta.

KijanaWaFlamingo

Kumbe. Na walishapita huku zamani. Lile kanisa dogo la Mai Mahiu, ukishuka escarpment, lilijengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942 wakati wakitengeneza barabara. Nimelipita tangu utotoni nikidhani ni la wamisionari. Sasa najiuliza walikuwa wanakula nini.

MlaWaru

Ugali, bila shaka. Na waru, yaani viazi? Wana kitu chochote cha waru au jina langu ni la bure humu?

Mpishi_wa_Zamu

Gnocchi, ndugu yangu. Waru zinachemshwa na maganda yake ili zisinywe maji, zinamenywa zikiwa moto, zinapondwa, unga kidogo sana, unakata vidonge. Ubaya ni kwamba waru za aina ya Shangi zikiwa mbichi kutoka shambani zina maji, unajikuta unaongeza unga mpaka vidonge vinakuwa vigumu vya kurushia mbwa. Chukua za Mau Narok au Molo zilizokaa kidogo baada ya kuvunwa lakini hazijachipua. Pale nilipo tunapika Alhamisi tu. Roma wana desturi hiyo: Alhamisi gnocchi, Ijumaa samaki, Jumamosi matumbo.

MlaWaru

Ngoja. Matumbo?

Mpishi_wa_Zamu

Matumbo ya ng'ombe, kwenye sosi ya nyanya, wanatia majani ya minti na pecorino juu. Chakula cha watu wa kichinjio zamani. Hapa Nakuru nilimwambia mwenye hoteli tuyaweke kwenye menyu, akasema mteja hawezi kuja na gari lake kula matumbo kwa mia tisa.

MlaWaru

Mimi naja na matatu. Niandikie Jumamosi gani.

BintiBondeni

Na matumbo hayo yatakuwa halali au nibebe yangu?

Mpishi_wa_Zamu

Buchari letu la ng'ombe ni halali, Dada, hilo halina shida. Wakifika watu kumi humu nitamwonyesha bosi huu uzi. Minti ninayo nyuma ya jikoni.

MamaWatatu

Mimi na baba yao tuandike wawili. Watoto watakula piza.

DungaBeach

Kutoka Kisumu ni saa nne barabarani. Niandikie moja, lakini nakuja na kuon yangu.

KijanaWaFlamingo

Kuon ni ugali, kwa wasiojua. Mpishi, mtaruhusu mtu aingie na ugali kwenye hoteli ya Kiitaliano?

Mpishi_wa_Zamu

Ataambiwa ni polenta. Tuko kwa tano, wengine jiandikisheni.